Konsatina ya Mtumba: Historia Iliyofichwa Ndani ya Mivukuto

Anayejua kununua mtumba haanzi na rangi. Anaigeuza nguo ndani nje, anakagua kola, anavuta mshono wa kwapani, ananusa. Mwenzake anaona shati. Yeye anaona maisha ya mtu aliyelivaa kabla yake. Ustadi wa namna hiyo ndio unaotakiwa mbele ya kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika: konsatina ya zamani. Ni kinanda kidogo cha mkono, aghalabu chenye pande sita, chenye vitufe kulia na kushoto na mivukuto katikati, ndugu ya ile ya mhunzi. Ukikivuta kinaingiza hewa, ukikibana kinaitoa, na hewa hiyo inatikisa vilimi vya madini vilivyofichwa ndani. Akodiani tunayoisikia kwenye taarab ni jamaa yake wa karibu, ila konsatina inatosha kwenye viganja viwili.

Niliifahamu nikiwa masomoni Uingereza, na tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia kama mwandishi wa habari anavyofuatilia kesi ya zamani: nani alikuwepo, nani aliandika nini, nani alifuta nini. Konsatina nyingi zinazosifiwa leo zilitengenezwa London katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo anayetaka chombo kizuri mara nyingi ananunua mtumba wenye umri wa miaka mia moja au zaidi, na hana budi kujua kuukagua.

Kwa nini nilete habari hizi mbele ya watu wa vitabu? Kwa sababu ukaguzi huo, hatua kwa hatua, ni usomaji wa hati ya historia. Na mnunuzi, apende asipende, anakuwa mhariri wa hati hiyo. Kila anachoamua kurekebisha, kuna kitu anakifuta. Hapo ndipo penye mgogoro, na nitaufikia baada ya kukifungua kinanda chenyewe.

Kinanda chenye baba wawili

Konsatina ina baba wawili ambao hawakushirikiana. Wa kwanza ni Charles Wheatstone, aliyezaliwa Gloucester mwaka 1802 katika ukoo wa wauza ala za muziki. Wanafunzi wa fizikia wanamjua kwa sababu nyingine: alikuwa profesa King's College, London, na mwaka 1837 yeye na William Cooke walisajili mtambo wao wa simu ya maandishi. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshughulikia sauti. Mwaka 1829 alisajili chombo kidogo cha kupuliza kwa mdomo chenye vitufe na vilimi, na kutokana na wazo hilo ikazaliwa konsatina, aliyoiwekea hataza nyingine mwaka 1844. Aina yake iliyozoeleka ina vitufe 48, na kila kitufe hutoa sauti ileile ukivuta au ukibana.

Baba wa pili ni Carl Friedrich Uhlig wa mji wa Chemnitz, Ujerumani, aliyetoa konsatina yake mwaka 1834. Yake ilikuwa na tabia nyingine: kitufe kimoja, sauti mbili, moja ya kuvuta na moja ya kubana, kama kinanda cha mdomo. Wajerumani walizitengeneza kwa bei rahisi na kuzisafirisha kwa wingi hadi Uingereza, Ireland, Marekani na Afrika Kusini. Kutoka ukoo huohuo ilitokea bandoneoni ya tango ya Argentina, iliyopewa jina la Heinrich Band, mwalimu wa muziki wa Krefeld. Baadaye mafundi wa London waliuchukua mpangilio wa Kijerumani wakautia kwenye mwili imara wa Kiingereza, na mchanganyiko huo ukaitwa Anglo.

Basi swali la kwanza la mnunuzi ni jepesi mno. Bonyeza kitufe, vuta, halafu bana. Sauti ni ileile? Uko mbele ya mtoto wa Wheatstone, au mojawapo ya aina zilizofuata mfano wake. Sauti imebadilika? Uko mbele ya Mjerumani au Anglo. Jibu hilo linagusa pia tabaka la watu. Konsatina ya Wheatstone ilianzia kwenye sebule za wenye nazo; Giulio Regondi, bingwa wa gitaa tangu utotoni, aliipiga kwenye kumbi za muziki wa heshima. Ile ya Kijerumani ilianzia mikononi mwa watu wa kazi. Miaka ilivyokwenda, mipaka hiyo ikavunjika. Bei zilishuka, Jeshi la Wokovu likaichukua hadi barabarani, na wafanyakazi wa kaskazini mwa Uingereza wakaunda bendi nzima za konsatina.

Namba na daftari

Wahenga walituonya kuhusu uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Konsatina ni mkakasi hasa. Mbao zake za pembeni, za mti mwekundu uliong'arishwa au za chuma kilichopakwa nikeli, zimetobolewa nakshi zinazoweza kumlevya mnunuzi. Muuzaji anajua hivyo. Ndiyo maana picha anazoonyesha ni za pembeni tu. Lakini nakshi ikivunjika kidogo haidhuru sauti, na fundi mzuri anaweza kuiunga. Kinachofaa kutazamwa kwanza ni kidirisha kidogo chenye jina la mtengenezaji na namba.

Anwani kwenye lebo peke yake inasema mengi. Ikiwa imeandikwa Wheatstone, Conduit Street, basi ni ya karne ya 19 au miaka michache baada yake. Ikiwa ni West Street, ni ya karne ya 20. Namba inakwenda mbali zaidi. Daftari nyingi za kampuni ya Wheatstone zimenusurika, zimehifadhiwa Horniman Museum, kusini mwa London, na kurasa zake zimepigwa picha na kuwekwa wazi kwa yeyote. Kuna pengo la karibu miaka 20 kuzunguka mwaka 1900, lakini ukiwa na bahati unaweza kutaja namba ya kinanda kilichopo mapajani mwako ukaona siku kilipotoka dukani na jina la aliyekichukua.

Majina hayo yamebadilisha historia yenyewe. Mwanazuoni wa muziki Allan Atlas alizipekua daftari hizo kwa kipindi cha kati ya 1835 na 1870, akakuta wanawake wanaokaribia elfu moja walionunua au kukodi konsatina. Hebu fikiria. Katika zama ambazo mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa alikuwa na haki chache sana juu ya mali, daftari la dukani linamtaja kwa jina, na tarehe, na kinanda alichokichagua. Hakuna aliyekusudia kuandika historia ya wanawake pale. Karani alikuwa anaandika mauzo.

Upande wa pili kuna Louis Lachenal, Mswisi aliyemfanyia kazi Wheatstone kabla ya kusimama mwenyewe. Alipofariki mwaka 1861, mjane wake Elizabeth aliendesha kiwanda kwa zaidi ya miaka 10. Kampuni hiyo ilitoa konsatina nyingi kuliko wenzake, na nyingi kati ya zinazouzwa leo ni zake. Lakini daftari zake za mauzo hatunazo. Namba ipo, mwaka tunakadiria, mnunuzi wa kwanza hajulikani. Yule aliyenunua konsatina ya bei ya juu ana nafasi ya kukumbukwa kwa jina. Aliyenunua ya bei nafuu amebaki kuwa namba.

Kwa hiyo namba isomwe kwa makini. Mara nyingi imegongwa tena ndani: kwenye fremu ya mivukuto, kwenye ubao wa vilimi, kushoto na kulia. Zote zikilingana, chombo ni kizima kama kilivyozaliwa. Zikitofautiana, mtu alichanganya maiti mbili akapata mzima mmoja. Hilo si kosa la jinai, ila linashusha bei, na muuzaji mkweli huwa anasema mwenyewe.

Pumzi

Baada ya jina, sikiliza pumzi. Shika upande mmoja kwa kamba yake, usibonyeze kitufe chochote, uache upande wa chini uning'inie kwa uzito wake. Mivukuto mizima hufunguka polepole sana, kama mtu anayevuta hewa usingizini. Ikidondoka mara moja, hewa inavuja mahali. Tatizo linaweza kuwa kwenye kona za mivukuto, kwenye vizibo vya ndani, au kwenye mbao zilizopasuka. Kuvuja kidogo si sababu ya kukimbia. Ni sababu ya kupunguza bei.

Mivukuto ya London ilijengwa kwa kadibodi, bawaba za kitambaa na ngozi laini kwenye mikunjo, kisha ikapambwa kwa karatasi zenye michoro midogo. Kazi hiyo ni ya mkono mtupu. Ngozi ya kona ndiyo inayochoka kwanza, na hapo ndipo utaona nani aliwahi kuimiliki. Kiraka cha ngozi nyembamba iliyokatwa vizuri ni cha fundi. Kiraka cha utepe wa gundi ni cha mtu aliyetaka kupiga muziki usiku huohuo. Mimi nakiheshimu zaidi hiki cha pili, ingawa ni kibaya kwa kinanda, kwa kuwa ni ushahidi kwamba kulikuwa na usiku wa kupiga muziki.

Kisha nusa. Harufu ya ukungu ina maana ya stoo yenye unyevu, na unyevu ni kutu ndani. Huko County Clare, magharibi mwa Ireland, konsatina ilikuwa chombo cha akina mama wengi, na desturi ilikuwa kuihifadhi kwenye kishubaka ukutani karibu na moto wa jikoni, mahali pakavu. Hawakuwa na maabara. Walijua tu kwamba nyumba yao inatoa jasho na kinanda hakipendi jasho.

Ndani ya mwili

Muuzaji akiruhusu, fungua. Kwa kawaida kuna skrubu sita kila upande. Zitazame kabla ya kuzigusa: vichwa vilivyochanika vinasema mtu asiye na bisibisi sahihi alishapita humu. Ndani utakuta nyenzo ndogo zinazounganisha kila kitufe na kizibo chake. Kwenye vyombo vya bei nafuu kila wenzo umekalia ndoano ya waya. Kwenye vya bei ya juu umefungwa kwa ribiti, una wepesi zaidi na kelele kidogo. Vizibo ni vya kadibodi, sufi na ngozi. Vikizeeka vinakauka kama biskuti, na sauti inaanza kulia bila wewe kubonyeza kitu. Springi iliyokatika inaleta ugonjwa huohuo. Vyote hivi ni vya kubadilisha, na bei yake inajulikana.

Ubao uliopasuka ni habari nyingine. Mbao hizi zilizoea nyumba za baridi na unyevu kwa vizazi viwili au vitatu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyumba za Uingereza zikaanza kupashwa joto chumba hadi chumba. Hewa ikawa kavu, mbao zikasinyaa, zikapasuka. Ukibonyeza kitufe kimoja ukasikia sauti mbili, moja ikinong'ona nyuma ya nyingine, huenda hewa inapenya kutoka chumba hadi chumba. Yaani hata ufa mdogo kwenye ubao una tarehe yake katika historia ya jamii: maisha ya mwenye nyumba yaliboreka, ya kinanda chake yakaharibika.

Katika konsatina moja niliyoonyeshwa na fundi, ndani ya fremu kulikuwa na maandishi ya penseli yaliyofifia: mwezi, mwaka, na herufi mbili. Aliniambia mafundi wengi wa zamani walifanya hivyo. Hakuna mpigaji ambaye angeyaona. Yaliandikwa kwa ajili ya fundi atakayefuata.

Vilimi na tupa

Sasa tumefika moyoni. Konsatina ya Kiingereza ya vitufe 48 ina vilimi 96, kwa sababu kila kitufe kina kilimi cha kuvuta na kilimi cha kubana. Kila kimoja kimefungwa kwenye fremu yake ndogo na kuchomekwa kwenye ubao kwa kubana tu, bila gundi. Ukivipoteza hivi umepoteza kinanda. Vingine vyote ni nyumba.

Vilimi ni vya shaba ya njano au vya chuma cha pua ngumu kiitwacho feleji. Shaba ina sauti laini, haishiki kutu ya chuma, lakini inachoka, inapotea sauti na kukatika. Feleji inalia kwa nguvu na kutulia kwenye sauti yake miaka mingi, ila unyevu ni adui yake. Sebule ndogo ya mwaka 1850 iliridhika na shaba. Kona ya barabara, bendi na ukumbi wa dansi vilidai feleji. Unaweza kulitaja jukwaa la kinanda kwa kutazama rangi ya vilimi vyake.

Jaribu kila kitufe, ukivuta na ukibana, kwa sauti ndogo na kubwa. Kilimi kinachokawia kulia au kinachozizima huenda kina vumbi tu. Lakini chukua kioo cha kukuza uangalie uso wake. Mikwaruzo karibu na ncha ina maana mtu alipiga tupa ili kuipandisha sauti. Mikwaruzo karibu na shina ina maana aliishusha. Tone la lehemu kwenye ncha nalo ni la kushusha: uzito umeongezwa ili kilimi kitikisike taratibu zaidi. Mikwaruzo michache ni kawaida. Kilimi kilichokonda kwa tupa kimeishi maisha mengi, na hakina mengine mengi mbele.

Kwa nini kilipigwa tupa? Hapa ndipo historia inapouma. Uingereza ya enzi za Malkia Victoria ilikuwa na kipimo cha sauti kilicho juu kuliko cha leo. Noti ya A tunayoipima sasa kwa mitikisiko 440 kwa sekunde, wao waliipiga karibu na 452. Tofauti hiyo inakaribia nusu ya hatua kati ya kitufe cha piano na jirani yake. Mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939 ulipendekeza 440, ingawa bendi za matarumbeta za Uingereza ziliendelea na kipimo chao cha juu hadi miaka ya 1960. Kwa hiyo konsatina ya zamani ambayo haijaguswa inaweza kuwa sawa kabisa na nafsi yake, na bado ikagombana na kila gitaa la leo. Mnunuzi asiyejua atasema imeharibika. Haijaharibika, inazungumza lafudhi ya mji ambao haupo tena.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Ile ya Wheatstone ina vitufe viwili tofauti kwa G iliyopandishwa na A iliyoshushwa, noti ambazo kwenye piano ni kitufe kimoja. Vivyo hivyo kwa D iliyopandishwa na E iliyoshushwa. Haikuwa mapambo. Mwanzoni konsatina zilituniwa kwa mfumo wa zamani ambamo noti hizo mbili hazilingani. Moja iko juu kidogo ya mwenzake, na ufunguo sahihi unatoa ulinganifu mtamu kuliko wa piano. Hector Berlioz, mtunzi wa Kifaransa aliyewahi kuwa miongoni mwa waamuzi wa ala za muziki katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, aliulaumu mpangilio huo katika kitabu chake cha kupanga okestra, kwa sababu uligombana na vyombo vingine. Hatimaye mfumo wa piano ulishinda. Konsatina moja baada ya nyingine zikapelekwa kwa fundi, tupa ikapita, na leo vitufe hivyo viwili kwa kawaida vinasema neno moja.

Basi ukikuta konsatina ya shaba ya miaka ya 1840 au 1850, na vitufe hivyo viwili vikatoa sauti tofauti, usikimbilie kusema ni mbovu. Huenda umeshika shahidi. Vitabu vya nadharia vinatueleza jinsi masikio ya wakati ule yalivyokuwa. Kinanda hicho kinaweza kukusikilizisha. Ukikipeleka kutuniwa upya, utapata chombo cha kupigia na rafiki zako, na ushahidi huo hautarudi tena. Madini yakishaondolewa na tupa, yameondoka.

Kasoro ya nani?

Najua jibu la haraka: viache vyombo vya zamani kwenye kabati la kioo. Mimi silikubali, na sababu yangu ni historia yenyewe. Katikati ya karne ya 20 konsatina ilikuwa imechoka. Lachenal walifunga katika miaka ya 1930, gramafoni na redio vilichukua sebule, akodiani ikachukua jukwaa. Vyombo vilivyokuwa fahari ya nyumba vikalala kwenye maduka ya vikorokoro. Havikuokolewa na makumbusho peke yake. Viliokolewa na watu waliokataa kuacha kuvipiga, na kila mmoja wao alikuwa anaviharibu kidogo kwa kuvitumia. Elizabeth Crotty, mama mwenye baa katika mji wa Kilrush, Clare, aliyeishi kati ya 1885 na 1960, alikuwa na sifa nchi nzima baada ya redio ya Ireland kumrekodi uzeeni. Muziki ule uliendelea kuwepo kwa sababu vidole vya watu kama yeye vilikula vitufe.

Twende Afrika Kusini, ambako konsatina ina historia ndefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya bara letu. Makaburu waliipenda kiasi kwamba katika karne ya 20 walikuwa wateja wakubwa wa Wheatstone. Wazulu nao, wengi wao wakiwa vibarua waliotoka mashambani kwenda migodini na mijini, walinunua zile za bei nafuu, za Kijerumani na baadaye za Kiitaliano. Lakini mpangilio wa kiwandani haukuwafaa. Nyimbo zao zilikuwa na njia nyingine. Wakazifungua, wakavihamisha vilimi, wakavituni upya, na kupata konsatina inayozungumza Kizulu.

Sasa ipeleke konsatina hiyo kwa mnunuzi wa London mwenye orodha yake ya ukaguzi. Vilimi haviko mahali pake: kasoro. Tupa imepita: kasoro. Sauti hazifuati mpangilio: kasoro. Ataipa bei ya skrepa, au ataipeleka kwa fundi "irudishwe kama ilivyokuwa", na kwa kufanya hivyo atafuta kazi ya fundi Mwafrika ambaye hakuacha daftari wala maandishi ya penseli. Alama zake zote zilikuwa ni hizo tupa. Orodha ya ukaguzi inaonekana kama mambo ya ufundi mtupu, kumbe ndani yake kuna swali la nani anahesabiwa kuwa ametengeneza na nani anahesabiwa kuwa ameharibu.

Sisi wa huku tuna sababu ya kulijali swali hili. Konsatina yenyewe haikuota mizizi kwetu, lakini akodiani iliota. Wakikuyu waliitia kwenye mwomboko, pamoja na kile chuma cha duara kinachogongwa kando yake, na ikawa ngoma ya wazee hadi leo. Unguja iliingia kwenye okestra za taarab ikakaa jirani na udi, ganuni na fidla. Hata neno kinanda limesafiri: kamusi za karne ya 19 zinalitaja kama chombo cha nyuzi, kisha likaja kubeba ogani, piano, gramafoni, na hizi za mivukuto. Lugha yetu ina kumbukumbu. Vyombo vyenyewe, je? Akodiani ngapi za vikundi vya zamani zimeuzwa vipandevipande, au zimetupwa kwa kuwa mivukuto imechanika, bila mtu kuandika zilitoka wapi, nani alizipiga, fundi gani alizishona upya kwa ngozi ya mbuzi?

Kwa hiyo, ushauri wangu kwa anayekagua konsatina ya mtumba, au akodiani, au kinanda chochote kilichomtangulia duniani. Lipia vilimi, usilipie nakshi. Kati ya chombo kilichochakaa kwa uaminifu na kilichong'arishwa jana ili kiuzwe, chagua kilichochakaa. Cha pili kinaficha maswali ambayo cha kwanza kinayajibu. Kigharimie kipate pumzi, kwa maana kinanda kisicholia ni sanduku. Mivukuto, vizibo na springi badilisha bila kusita. Lakini kabla hujaruhusu tupa iguse kilimi, rekodi sauti ya kila kitufe, ukivuta na ukibana. Simu ya mkononi inatosha. Andika namba, piga picha viraka, nakili penseli ya fundi aliyetangulia. Kisha chukua penseli yako, uandike mwezi, mwaka, na ulichobadilisha, ufunge skrubu zote sita.